Tupeni tarehe ya dabi, na mkishaitaja msiiguse

Barua ya wazi kwa viongozi wa timu zetu mbili za mpira, Mazembe na Lupopo, kwa wanaopanga michezo ya ligi, na kwa wakuu wa usalama wa Lubumbashi

Waheshimiwa wababa na wamama,

Jambo sana kwenu.

Anayewaandikia ni fundi wa kushona nguo katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi na si ile nchi, tena ni mtu wa Lupopo. Nalisema mapema ili mtu wa Mazembe asifike katikati ya barua akaona ametegwa. Wala asiogope, maana baba wa watoto wangu ni wa upande wake. Tunakula bukari (ugali) ya sufuria moja mwaka mzima, ila siku ya dabi kila mmoja anajipikia chai yake. Watoto nao wamegawanyika. Mdogo kabisa hana timu. Huyo anashangilia aliyefunga, na nyumbani ndiye pekee anayelala vizuri.

Siombi pesa, siombi kiti cha heshima. Naomba jambo moja: dabi ya Mazembe na Lupopo ipewe siku na saa mwezi mzima kabla, itangazwe redioni na kubandikwa kwenye milango ya viwanja, na ikishatangazwa isisogezwe ila kwa sababu ambayo mtu atasimama na kuisema kwa jina lake. Mengine yote mtakayoyasoma humu yanatoka kwenye hilo.

Labda ninyi mnaokaa ofisini mmezoea mchezo huu hadi hamuoni tena ni kitu gani mmeshika. Timu zote mbili zilizaliwa 1939, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mazembe ilianzishwa na mapadri wa Kibenediktini kwa ajili ya vijana wa shule, ikaitwa Saint-Georges, kisha ikaja kubeba jina la matairi, Englebert. Wazee wengine wa Kamalondo, komini ya Mazembe, mpaka leo hawasemi Mazembe, wanasema Englebert, na wanalitamka kama mtu anayetaja jina la mjomba wake. Lupopo, kwa jina kamili Saint-Éloi Lupopo, ni ya watu wa reli. Mtakatifu Eloi ni msimamizi wa wahunzi na mafundi wa chuma, na katika mji ulioanza 1910, mwaka uleule gari la moshi lilipoufikia kutoka kusini, fundi wa chuma hakuwa mtu wa kupuuzwa. Babu yangu alikuwa wa karakana ya reli. Ndivyo njano na bluu zilivyoingia kwetu. Hakuna aliyekaa chini akachagua.

Na viwanja vyenyewe vimekaribiana. Kutoka kwa Mazembe, Kamalondo, hadi uwanja wa Kibassa Maliba hapa Kenya mtu anatembea kwa miguu huku anabishana, na kabla hajamaliza hoja yake amefika. Kinshasa wana Vita na Motema Pembe, nakubali, na kelele wanazo. Lakini Kinshasa ni kubwa. Mtu wa Vita anaweza kumkimbia jirani yake. Hapa utamkimbilia wapi? Utamkuta sokoni, utamkuta kanisani, mimi namkuta kitandani.

Anayedhani tarehe ni kazi ndogo ya makarani akumbuke 1967. Englebert ilifika fainali ya Afrika na Asante Kotoko wa Ghana. Kumasi walitoka 1–1, Kinshasa wakatoka 2–2, ikabidi wacheze mara ya tatu, Yaoundé. Kotoko hawakutokea. Kombe likaja kwetu bila jasho la siku ile, na Waghana wamesimulia tangu hapo kwamba taarifa ya tarehe haikuwafikia. Baba wa watoto hapendi niitaje habari hii. Mwaka uliofuata Englebert ilichukua kombe tena, safari hiyo kwa mpira, hapo sina neno. Lakini fainali ya mashindano ya 1970 Kotoko walirudi, wakawafunga 2–1 palepale Kinshasa, na sijawahi kumpata mtu wa Mazembe anayenieleza vizuri ilikuwaje. Kombe la kwanza la Afrika la mji huu, basi, lina doa la tarehe ambayo haikufika mahali pake. Mnaona ninakoelekea.

Sasa niwaeleze inavyokuwa huku chini mnaposogeza mchezo. Kuna msimu dabi ilitangazwa vizuri tu, tukaamini. Nikanunua kitambaa cha njano, nikashona kofia, na mbele ya kila kofia nikatarizi tarehe kwa uzi wa bluu, maana watu wanapenda kitu cha ukumbusho na kofia yenye tarehe inauzwa ghali kidogo. Jirani yangu wa michopo, nyama ya kuchoma, alikwisha kununua mbuzi. Mpwa wangu alikuwa ametoka Likasi jana yake, amelala sebuleni na jezi yake mwilini. Asubuhi ya mchezo mtoto akaingia akisema, "Mama, beko nasema mu radio, mupira ya leo haiko tena."

Hakuna sababu iliyotolewa. Hakuna tarehe nyingine. Haiko tena, basi.

Jirani alichoma nyama yote siku ileile akaiuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu friji bila umeme ni kabati. Mpwa akarudi Likasi na nauli ya kukopa. Mimi nikashika wembe nikaanza kufumua tarehe, kofia moja baada ya nyingine. Kama hamjawahi kufumua tarizi kwenye kitambaa chepesi, niwaambie: uzi unatoka, lakini vitundu havitoki. Ukiinua kofia kwenye mwanga, tarehe unaisoma bado. Baba wa watoto anayo moja, anaivaa mvua ikinyesha akiwa anaziba bati linalovuja, na hajaacha kucheka.

Nimetaja kofia na mbuzi kwa sababu ndivyo ninavyovijua. Nyuma yetu kuna vijana wa pikipiki, kuna mama wa munkoyo, kinywaji cha mahindi, na ndoo zake ambazo kesho zitakuwa chungu kupita kiasi, kuna wanaotoka Kipushi, kuna watu wa migodini waliobadilishana zamu na wenzao na sasa wana deni la zamu kwa mchezo ambao haukuchezwa. Huyo wa mgodini ndiye ninayemhurumia zaidi. Zamu haikopwi mara mbili.

Najua mtanijibu kwamba mashindano ya Afrika yanaingilia ratiba. Yanaingilia kweli, lakini kalenda yake inatoka kabla msimu haujaanza, na kila mwenye kalamu anaweza kuzizungushia duara tarehe zile. Mtu mwingine ataniambia hata Dar es Salaam mambo ni yaleyale: Machi 8, 2025 Yanga na Simba walikuwa wacheze, mchezo ukaahirishwa siku yenyewe, ukaja kuchezwa Juni. Ni kweli, na nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kusikia si sisi peke yetu. Ila angalieni kilichofuata. Nchi nzima ilijua ugomvi umeanzia wapi: Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo. Watu waligombana juu ya sababu. Sisi hatuna hata sababu ya kugombania.

Na pasipo sababu, mtaa unatunga ya kwake. Hapa ndipo pananikera kuliko kofia zangu. Mji huu una jambo la pekee, nalo mnalijua kuliko mimi. Moïse Katumbi ameiongoza Mazembe tangu 1997, amekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na 2023 aligombea urais wa nchi. Jacques Kyabula, ambaye ameiongoza Lupopo, alichaguliwa gavana wa Haut-Katanga 2019. Wakubwa wa timu zote mbili wamekalia kiti cha gavana katika mji huuhuu, na hawakukalia upande mmoja wa siasa. Silalamikii hilo. Timu inakula pesa nyingi, na sisi wa viti vya jua hatuwezi kuilipia ndege ya kwenda kucheza Algiers. Ila dabi ikisogezwa kimyakimya, nani mtaani ataamini ni mvua au ni ndege iliyochelewa? Watasema fulani ameogopa watu kukusanyika, fulani amempigia fulani simu Kinshasa. Kufikia jioni jezi ya njano imeshageuka kadi ya chama, nyeusi na nyeupe ya Mazembe nayo vilevile, na kijana aliyetoka nyumbani kununua mkate anasimamishwa njiani aulizwe yuko wa nani.

Nawaomba hilo mlitazame kwa makini. Siku ya dabi nyimbo za vyama zibaki vyamani. Picha za wakubwa, kama ni lazima zibandikwe, zibandikwe kesho yake. Mimi nashona hata sare za kampeni, sichagui mteja, na kila uchaguzi unanilipia karo. Lakini sijawahi kupenda kitambaa cha kampeni. Cha njano na bluu nakipenda.

Niseme neno juu ya mpira wenyewe, maana shabiki asiyetoa maoni ni mtazamaji tu.

Lupopo yangu imenichosha kwa miaka mingi. Ubingwa wa nchi wa mwisho tuliuchukua 2002, na kuna mashabiki wenye ndevu ambao hawajawahi kuuona. Tuna ugonjwa wa kuanza msimu tukikimbia na kuumaliza tukihema. Tunauza kijana mzuri kabla hatujajua jina lake, tunafukuza kocha kabla hajajua majina yetu. Lakini Oktoba 2025! Tuliwafunga Orlando Pirates 3–0 hapa Lubumbashi, kisha tukaenda Afrika ya Kusini tukafungwa 3–0 vilevile, ili tu tuwatese wenye moyo mdogo, na tukawatoa kwa penalti. Penalti za mwisho nilizisikiliza nikiwa nimesimama nyuma ya mlango wa chumba na mikono masikioni, nikiviondoa vidole na kuvirudisha. Baba wa watoto ndiye aliyenifungulia. Hakusema kitu, alinipa mkono. Kwa mtu wa Mazembe hiyo ni hotuba ndefu.

Na Mazembe? Nitawapa haki yao, ila sitawapa zaidi. Mwaka 2010 walikwenda Abu Dhabi, wakaifunga Pachuca ya Mexico 1–0, wakaifunga Internacional ya Brazil 2–0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya klabu za dunia. Inter ya Milan ikawapiga 3–0, sawa, lakini Kidiaba, golikipa wao, akirukaruka kwa makalio kwenye nyasi, dunia nzima ikitazama, alikuwa wa mji wetu wote. Mama yangu, mtu wa Lupopo hadi kaburini, alimwombea siku ile kwa rozari. Mwaka 2015 wakachukua Afrika tena mbele ya USM Alger, wakiwa na Mbwana Samatta yule Mtanzania, mtu ambaye ukimwachia nafasi ya kugeuka umekwisha. Hayo siyakatai.

Ninachokataa ni majivuno ya Kamalondo. Uwanja wao mzuri, wenye nyasi bandia, ulifunguliwa 2011. Vikombe vya Afrika vya 2009 na 2010 walivipigania wapi hapa nyumbani? Hapa, Kenya! Zile 5–0 dhidi ya Espérance ya Tunis, fainali ya 2010, zilifungwa kwenye uwanja wa komini yetu. Wakati ule hakuna aliyesema Kenya ni mbali au Kenya ni hatari. Basi wanaposema leo kwamba dabi ichezwe kwao daima kwa sababu kwetu si salama, nacheka kwa upole na kuendelea kukanyaga cherehani.

Usalama si kitu cha kucheka hata hivyo. Mei 11, 2014 Mazembe walicheza na Vita Club kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa. Vurugu zikaanza, mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakakanyagana, na zaidi ya watu 10 hawakurudi nyumbani kwao. Kila dabi inapokaribia namfikiria mama aliyekuwa amemwekea mtoto wake chakula jioni ile. Kwa hiyo wakuu wa usalama msinione kama mtu anayetaka mlango ufunguliwe hovyo. Nasema kinyume chake. Polisi anayejua mwezi mzima kabla kwamba dabi ni Jumapili fulani, saa tisa na nusu, ana muda wa kupanga mlango huu wa njano na bluu, mlango ule wa nyeusi na nyeupe, barabara hii ya kurudi Katuba, ile ya kurudi Ruashi. Anayeambiwa jana yake atapanga nini? Atachukua gesi na fimbo, hana kingine mkononi. Au mtafanya lile jepesi zaidi, kuwafungia nje mashabiki wa timu mgeni, au kuucheza mchezo uwanja ukiwa mtupu. Dabi bila watu! Mtu akikuita harusini kisha akufungie lango, bora angekaa kimya.

Milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli mchezo ukiendelea. Naona aibu kuliandika jambo hili, lakini naliandika.

Kwa wanawake nitasema kidogo, si kwa sababu ni dogo. Kwenye viwanja vingi mwanamke anayekwenda kutazama mpira anaanza kujizuia kunywa maji tangu asubuhi, maana anajua choo atakachokikuta, au hatakikuta kabisa. Jua la Oktoba mnalijua. Tupeni choo chenye mlango na maji, na askari wa kike wa kutupekua langoni, nanyi mtashangaa viti vitakavyojaa. Wanaume wengi wa Lubumbashi hawataki kuachwa nyumbani peke yao Jumapili.

Nimetaja Jumapili, na naisimamia. Mchezo wa Jumatano saa tisa na nusu ni wa nani? Mwalimu yuko darasani, mama yuko sokoni, mfanyakazi yuko kazini, na kijana aliyefika uwanjani ametoroka mahali. Jumapili ibada imekwisha, watu wamekula, nguo nzuri ziko mwilini tayari. Mimi mwenyewe naimba kwaya, na kiongozi wetu ni mtu wa Mazembe asiyejificha. Dabi ikiwa Jumapili, mazoezi ya baada ya misa yanakwisha mapema bila mtu kuomba. Saa tisa na nusu ni saa nzuri pia kwa sababu mchezo unakwisha jua likiwa bado juu, na watu wanafika makwao wakiona wanakokanyaga. Usiku tusijaribu. Umeme wa mji huu tunaujua, na dakika ya 80 gizani na watu maelfu ndani ni jambo ambalo silitaki hata kwa mtu wa Kamalondo.

Epukeni pia Januari kama mnaweza. Mvua ya Januari haina adabu, na ikinyesha kabla ya mchezo mtapata sababu ya kuusogeza, safari hii sababu ya kweli, nasi tutakosa pa kulalamikia.

Mkiona mwezi mmoja ni mwingi, fanyeni wiki tatu, sitagombana kwa wiki moja. Mkiona dabi ya kwanza iwe Kamalondo na ya pili hapa Kenya, sawa, ilimradi ya pili iwepo. Dharura ikitokea, maana dharura zipo, ndege zinachelewa na watu wanafariki, aje mtu mmoja redioni asubuhi na mapema, aseme yeye ni nani, kimetokea nini, na mchezo umehamia siku gani. Tutanung'unika, tutakaa. Watu wa mji huu wamezoea kungoja gari la moshi. Wanachokataa ni kituo kisicho na mtu wa kuuliza.

Jibu lenu si lazima liwe barua wala mkutano na waandishi wa habari. Karatasi moja yenye siku, tarehe, saa na muhuri, ikibandikwa kwenye lango la soko la Kenya na nyingine Kamalondo, inatutosha. Wanaojua kusoma watawasomea wengine. Msiibandike juu ya bati lililo wazi tu. Wekeni plastiki, mvua isije ikaila kabla ya wino kukauka.

Wenu kwa heshima,

Mama fundi wa Kenya, mtu wa njano na bluu
Lubumbashi